Nilijenga vyumba viwili vidogo kilimani Ilemela, bati moja likamzuia mama mkwe kuingia

Wakuu, heshima kwenu wote.

Humu ndani naona watu wanauliza kila mara kama inawezekana kujenga nyumba ndogo kabisa kwa pesa ya mawazo. Wengi wanaowajibu hawajawahi kuchimba hata msingi wa choo.

Mimi nilijenga, Mwanza, miaka ya tisini. Naandika kilichotokea bila kuongeza chumvi. Mke wangu yuko hapa pembeni na atasoma kabla sijatuma, kwa hiyo hata nikitaka kudanganya sina nafasi.

(Wale wa nyumba ndogo ile nyingine, jukwaa lenu lipo. Hapa ni tofali na saruji.)

Nilikuwa karani wa ghala kwenye kiwanda kimoja cha serikali. Viwanda vilipoanza kuuzwa tukapunguzwa kazi. Nikapata kiinua mgongo changu, na pamoja nacho agizo la kuhama nyumba za kiwanda.

Wakati huohuo mke wangu, Minza, alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, na safari hii daktari alimwonya asikae mbali na hospitali. Mama yake anaishi ndani ndani huko, nyuma ya Bujora. Aliahidi atakuja mjini kukaa na binti yake mpaka ajifungue.

Kwa hiyo nyumba ilitakiwa iwe mjini, na iishe kabla ya mtoto.

Nikanunua kiwanja kwenye kilima kimoja cha Ilemela. Kilikuwa rahisi kwa sababu karibu nusu yake ilikuwa jiwe moja, kubwa kuliko lori. Wenzangu wa kiwandani wakacheka sana. Wakasema mwenzao kanunua jiwe, kapewa na kiwanja cha nyongeza.

Jiwe lile lilinisaidia. Niliwaita wapasua mawe, wakawasha moto wa magogo juu yake, likapata moto likapasuka, wakamalizia kwa nyundo. Makubaliano yalikuwa wachukue nusu wakauze kokoto, nusu wanibakizie. Msingi wote sikununua jiwe hata moja.

Lakini nilichookoa kwenye jiwe kilikuja kuliwa na kilima. Gari lilikuwa haliwezi kupanda. Mchanga, tofali za kuchoma, saruji na maji vyote vilipanda kichwani mwa watu, na kila kichwa kinalipwa. Mfuko wa saruji ukifika juu haukuwa na bei ya dukani tena. Anayepanga bajeti aulize kwanza gari linaishia wapi.

Kingine ambacho watu hawakioni ni mlango. Ukipunguza chumba unapunguza tofali na mabati, lakini mlango unabaki mzima. Bawaba ni zilezile, kitasa ni kilekile. Hakuna fundi atakayekuuzia nusu dirisha.

Angalau mabati yalikuwepo. Miaka michache nyuma ulikuwa unahangaika na kibali cha kuyanunua, unaambiwa urudi wiki ijayo. Sasa maduka ya watu binafsi yamejaa, wewe tu na mfuko wako.

Ramani nilichora mwenyewe. Chumba kimoja na kisebule mbele, chini ya paa moja. Nilipima kitanda chetu kwa kamba, nikaenda kutandika kamba ile kiwanjani, nikaongeza nafasi ya mtu kupita. Nikaona nimemaliza.

Nikampeleka Minza akaone. Akatembea ndani ya zile kamba, akasimama pale sebuleni.

"Na mama atalala wapi?"

Nikamwambia hapo hapo aliposimama. Alinitazama tu, mpaka nikasikia mwenyewe nilichosema.

Kwa wasiojua: kwa sisi Wasukuma, angalau kwa watu wa ukoo wa mke wangu, mama mkwe halali paa moja na mkwe wake wa kiume. Hata kusalimiana ni kwa mbali, macho chini. Mimi najua hilo tangu utotoni. Lakini kule kiwandani, mama akija, alikuwa analala kwa jirani yetu mjane, basi likanitoka kabisa kichwani. Nilipima kitanda, sikupima watu.

Fundi wetu, Deusi, mtu wa utani sana, alipoelezwa akaegemea koleo lake.

"Bosi, hapo imebaki mkwe umlaze juu ya jiwe."

Aliyepata dawa ni Minza. Alisema kwao kijijini mji wa familia moja una vinyumba kadhaa, kwa nini wetu usiwe hivyo? Tuache sebule. Tujenge vyumba viwili, kila kimoja na kuta zake na paa lake, katikati tuache uwazi wa kupita mtu na ndoo.

Kuta ziliongezeka, mbao zikaongezeka, na mlango mwingine ule nisioupenda. Ili tufike mwisho tukaacha dari, tukaacha lipu ya nje. Saruji ya sakafu ilitosha chumba kimoja, tukampa mama. Chetu kikabaki cha udongo.

Tukahamia. Havikuwa vikubwa kuliko stoo za kiwandani, lakini usiku ule wa kwanza nililala kama mtoto. Hakuna mtu ambaye angenipa tena agizo la kuhama.

Halafu mvua zikaanza. Ule uwazi ukawa tope tupu, maana maji ya mapaa yote mawili yalimwagikia hapo. Siku moja Minza akateleza, akadaka ukuta. Niliogopa kuliko siku niliyopunguzwa kazi. Nikamwita Deusi, tukachukua bati moja lililobaki, akalipigilia toka paa hili hadi lile.

"Sasa mnapita kama mabosi," akasema.

Sote tuliliona jambo la akili.

Mama akaja Minza akiwa mzito kabisa. Alikuja na fungu lake la nguo, kuku na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Mimi, kwa heshima, nilijitenga nyuma ya kile kipande cha jiwe kilichobaki, nikasikia kila kitu.

Alisimama ukingoni mwa kiwanja akaangalia paa kwa muda mrefu. Kisha akakaa juu ya jiwe dogo hapo hapo ukingoni. Minza akataka kumpokea fungu, mama akaling'ang'ania.

"Mayu," Minza akamwambia mama yake, "chumba chako ni kile. Kina mlango wake."

"Mlango nimeuona. Nauliza lile bati."

"Linazuia mvua tu, mayu."

"Mvua ikinyesha juu ya mumeo inateremka kwangu. Hiyo ni nyumba moja, mwanangu. Nipe maji ninywe, nirudi."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Angerudi kweli, na Minza asingekubali kubaki bila mama yake. Angemfuata Bujora, mbali na hospitali, na tumbo lile.

Sikumsubiri Deusi. Nikaazima nyundo, nikapanda juu ya pipa, kutoka hapo nikapanda ukuta, nikaanza kung'oa misumari. Mama akageukia upande mwingine, akajifunika kitenge usoni.

Jirani wa juu akanipigia kelele: "Jirani, umeishiwa mpaka unauza paa?"

Bati likaanguka kwa kishindo. Kuku wa mama akakimbia, Minza akaanza kucheka, na alipoanza akashindwa kuacha.

Mama akasema, bado kageukia kule: "Mwambie huyo aliye juu ashuke taratibu. Mjukuu wangu atamhitaji."

Akanyanyua fungu lake akaingia chumbani kwake.

Kesho yake nilichagua mawe bapa kwenye mabaki ya lile jiwe, nikayapanga kwenye uwazi kama ngazi, na mfereji pembeni. Gharama yake jasho tu. Tope likaisha. Ningefanya hivyo mwanzoni, bati lisingepanda.

Mtoto alizaliwa salama, hospitali, mvua zikiwa bado zinanyesha. Tukamwita Mabula, jina la waliozaliwa wakati wa mvua. Mama alikaa mpaka mjukuu akaanza kukaa mwenyewe, na bati likafunika kuni.

Vyumba vingine tuliviongeza baadaye, polepole. Uwazi ule hatujaufunika mpaka leo.

Nilichojifunza: nyumba ndogo inawezekana sana, lakini kabla hujapima kitanda, kaa na mwenzako mtaje majina ya watakaolala humo, na wageni pia.

Haya, mliojenga vidogo, mkwe wenu mlimlaza wapi? Na makabila mengine mnafanyaje?

NB: Minza amemaliza kusoma. Anasema nimeficha kwamba wakati wa kushuka nilichana suruali. Ni kweli, nilichana.