Sehemu ya Pili Ipi Kali

Fundi wa pale Msimbazi akiwasha televisheni ya zamani ya chogo, vumbi la ndani linapata moto na kutoa harufu. Banda la video la mjomba lilinuka hivyo hivyo.

Mjomba, mdogo wake mama, alikaa pembeni ya skrini na kipaza sauti, akitafsiri picha za Kizungu kwa Kiswahili cha Kariakoo. Mwaka tuliomzika mama, mimi na dada tulibishana sana kuhusu picha mbili, zote sehemu ya pili. Kwa kawaida sehemu ya pili huwa mbovu, lakini hizi zilizipita za kwanza. Dada, kama banda zima, alishikilia ya maroboti.

"Steringi kalipuliwa na hafi. Unataka nini tena?"

Mimi nilishikilia ya chombo cha anga, kwa sababu ya nahodha wake mwanamke. Kabla ya kuingia kwenye moto kukiokoa chombo, aliwageukia wanawe akawaambia, "Kuleni, msinisubiri. Nakuja." Mama naye alituaga hivyo kila alipoenda kuuza mitumba Mchikichini.

Juzi niliipata picha ile kwenye simu, haijatafsiriwa. Nahodha anawatazama wanawe, kisha anafunga mlango.

Nikampigia dada. "Nimeiona ile ya chombo. Nahodha hasemi kitu. Ulikuwa sahihi, ya maroboti ndiyo kali."



"Najua hasemi kitu," akajibu. "Mjomba ndiye aliyesema. Ya chombo ndiyo kali."