Rula na Vimaua Mia Mbili na Kumi na Saba

Katika ofisi yetu ya mipango miji tulimwita Rula, naye hakukasirika; nadhani alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mchoraji ramani kwa miaka ishirini na sita. Penseli zake alizichonga mwenyewe kwa wembe, akazipanga mezani kwa urefu, na ole wako uazime moja bila ruhusa. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alituambia kwamba kila Jumapili mumewe huzipima picha za ukutani aone kama hazijainama. "Mimi mwenyewe siku hizi nalala nimenyooka," alisema, "nisije nikafutwa."

Mwaka ule Rula alichora mtaa mpya nje kidogo ya mji: nyumba arobaini, shule ya awali, na barabara iliyonyooka kama uzi uliovutwa. Barabara hiyo ilikatiza kibonde cha nyasi ambacho hakuna aliyekijali. Lakini sheria ilitaka mtaalamu wa mimea alipitie eneo kabla mchoro haujapitishwa. Akaja mama mmoja mfupi, mwenye gambuti na lenzi ikining'inia shingoni. Alizunguka siku tatu, kisha akaleta taarifa: kwenye kibonde kile kuna mmea adimu, ambao yeye katika maisha yake yote ameuona mahali pawili tu. Barabara isipite hapo.

Rula alivimba kama andazi. "Yaani magugu ndiyo yananifundisha kazi?"

Mtaalamu alikuwa ameonyesha eneo hilo kwa kuchora duara moja juu ya ramani. Rula aliliangalia duara lile kama mtu aliyeonyeshwa mende kwenye supu.

"Dada, hili ni nini? Yai?"

"Ni mahali mimea ilipo, kaka."

"Iko wapi hasa?"

"Humo humo ndani."

"Kwenye ramani yangu hakuna humo humo!"

Basi mkuu wa idara, aliyechoka kuwasikiliza, akawatuma wote wawili wakapime. Rula alikwenda na viatu vyake vya ofisini. Kufika bondeni, kiatu cha kushoto kikazama kwenye tope, ukatoka mguu peke yake. Mtaalamu alimkopesha gambuti za akiba, zilizombana mpaka akawa anatembea kama kuku aliyefungwa miguu. Lakini hakurudi nyuma. Alipiga magoti, akavuta utepe wake wa kupimia, akaanza na mmea wa kwanza.

Ulikuwa mmea mdogo mno. Ua lake la zambarau halikufika ukubwa wa kifungo cha shati. Lilifunguka asubuhi na kujifunga kabla ya adhuhuri. Mtaalamu alimweleza kwamba baada ya wiki mbili majani yote hukauka, ukabaki uhai wake ardhini, kwenye kiazi kidogo, ukingoja mvua.

Kazi ilichukua siku nne. Jioni ya siku ya kwanza Rula alirudi ofisini akisema "magugu yale". Siku ya pili ikawa "mimea yake yule mama". Siku ya nne alisema "mimea yetu", na sisi tukainamisha vichwa kwenye makaratasi ili asione tunavyocheka. Mtaalamu naye alitusimulia kwamba alikuwa amekaripiwa kama mtoto: "Angalia mguu, dada! Huyo ni wa mia na tatu!" Mimea mia mbili na kumi na saba, kila mmoja na nukta yake na namba yake kwenye ramani.

Mwezi mmoja baadaye mwenye mradi alikuja juu. Alikuwa mjenzi mnene, mcheshi, aliyezoea mambo yake kwenda. Akatuburuta sote hadi bondeni. Kulikuwa na nyasi kavu tu.

"Naomba nionyeshwe mimea yenyewe," alisema, akicheka.

"Imelala chini ya udongo," mtaalamu akajibu.

"Ohoo! Kwa hiyo tunasimamisha nyumba za watu ili mimea isiamshwe?"

Mkuu wa idara alianza kukohoa, na sote tulikijua kikohozi kile: ni cha mtu anayetaka kukubaliana na mwenye nguvu. Ndipo Rula akakunjua ramani yake.

"Mzee, chagua namba yoyote."

"Namba gani?"

"Moja hadi mia mbili na kumi na saba."

"Haya. Themanini na nane."

Rula akaanzia kwenye jiwe la mpaka, akavuta utepe, akageuka, akavuta tena. Akapiga magoti, akatoa kijiko mfukoni, akakwangua udongo taratibu. Kiazi kilikuwa pale, kidogo kama punje ya harage. Akakifunika kwa vidole kama anayemfunika mtoto mchanga.

"Chagua nyingine."

Walifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu mjenzi mwenyewe alikuwa amepiga magoti na suruali yake ya kitambaa kizuri. Alinung'unika sana kabla ya kutia sahihi, na hata leo hunung'unika, lakini barabara ilizungushwa kando ya bonde na nyumba tatu zikahamishiwa upande wa pili.

Kazi ya kuchora kona ikamwangukia Rula. Rula na kona! Alifuta, akachora, akafuta tena siku mbili nzima, na siku ya tatu mkewe aliingia ofisini akiuliza ni nani aliyechukua mfuniko wa sufuria yake kubwa. Ulikuwa juu ya meza ya mumewe, na penseli ikiuzunguka.

Mvua ziliporudi alimpeleka mkewe bondeni asubuhi na mapema. Mama wa watu alitazama chini, akatazama tena.

"Ndio haka?"

Rula aliumia. Mkewe akainua gauni, akachuchumaa, akasogeza uso karibu. Kwa mara ya kwanza tangu waoane alikaa muda mrefu bila neno.

"Kazuri," alisema mwishowe. "Kaache tu hapo kalipo."

Walikaa pale hadi maua yalipojifunga. Siku hiyo Rula alifika kazini saa sita, na hakumwambia mtu alikotoka. Tulikuja kuambiwa na mkewe.