Siku Msumeno wa Umeme Uliponirukia Pajani

Wapendwa mafundi wenzangu, mimi ni Kambale, seremala. Mnaniona nimesimama kwa miguu miwili. Ilibaki kidogo tu niwe na mmoja. Nitawaeleza bila kujificha, maana sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Nilivuka mpaka kutoka Kongo kuja kwa Waganda nikiwa kijana, nikaoa dada wa kwetu, Masika, tukapanga chumba chini ya kilima cha Nsambya. Nilikuwa na nguvu. Mbao ya mvule iliyobebwa na watu wawili, mimi niliitia begani peke yangu. Tajiri wangu alikuwa Ssalongo, Mganda mpole. Alipata karakana baada ya Mhindi aliyekuwa mwenye mali kufukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, na ndani tulikuta msumeno wa umeme wa kushika mkononi, ule wenye kisu cha duara.

Msumeno huo una kifuniko chini. Ukimaliza kukata, kinajirudisha chenyewe na kufunika meno. Springi ya kifuniko chetu ilikufa, na spea hazikupatikana tena mjini. Kikawa kinakwama, kinanichelewesha. Basi nikakipandisha juu, nikakikaza kwa kabari ya mti. Meno yakabaki wazi siku zote.

"Kambale, hicho kitu kitakula mtu," Ssalongo aliniambia.

Nikacheka.

Wakati ule nchi ilitawaliwa na wanajeshi, na mwanajeshi akiagiza kitu, hakuulizi kama unaweza. Afisa mmoja alitaka kaunta ndefu ya mvule kwa baa yake. Asubuhi ya kuichukua, waliingia askari watatu na koplo wao. Kaunta haikuwa tayari. Umeme ulikuwa umekatika siku mbili na ulirudi asubuhi hiyohiyo. Ssalongo akaanza kueleza. Koplo akampiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Niliona meno yake mawili yakianguka kwenye maranda.

"Afande nataka leo!" koplo akapiga kelele. Akanigeukia. "Wewe Mkongo, kata! Sisi hapana toka hapa."

Mikono ilinitetemeka. Niliilaza mbao juu ya stuli mbili, moja kila mwisho, nikaanza kuikata katikati. Sikuibana. Nilisimama nyuma kabisa ya msumeno, mguu wa kushoto mbele. Nilipofika nusu, koplo alichoka kusimama, akaketi juu ya mbao ileile.

Mbao ikabonyea. Mkato ukajifunga, ukaling'ata lile duara la chuma. Msumeno ulipiga yowe, ukaruka kinyumenyume, ukanitoka mikononi. Kifuniko kilikuwa juu, kimekazwa kwa kabari yangu. Meno yaliingia kwenye paja la kushoto, shubiri moja juu ya goti.

Kwanza sikusikia maumivu. Nilisikia joto, kama mtu amenimwagia chai. Kisha nikaona suruali imefunguka, nyama imefunguka, na ndani kitu cheupe. Mfupa wangu. Damu ilitoka kwa mapigo, ikampata koplo kifuani. Nikaanguka.

Askari mmoja akakoki bunduki. "Huyu najikata makusudi! Nakataa kazi ya afande!"

Mdomo wa bunduki ulinigusa sikioni, baridi. Ssalongo, damu ikimchuruzika kidevuni, akajitupa juu yangu. "Nyinyi ua mimi kwanza, bassebo, mabwana! Ua mimi kwanza!"

Koplo aliitazama damu kwenye shati lake. Sijui aliwaza nini. Alimsukuma yule askari, akafungua mkanda wake, akaukaza juu ya jeraha, akakanyaga paja langu na kuvuta kwa mikono miwili mpaka nikalia kama mbuzi.

"Beba yeye!" akasema. Wakanitupa nyuma ya jipu.

Kwenye hospitali ya misheni walinishona. Siku ya tano jeraha lilivimba, likatoa usaha. Lilinuka hata mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukutani. Homa ilinipanda hata nikawa naongea na marehemu mama yangu.

Sista daktari alimwambia Masika, "Nyabo, mama, dawa kali zimetuishia. Homa isiposhuka, kesho kutwa tutaukata mguu."

"Niandikie jina la dawa, Sista," Masika akasema.

Alikwenda kwa wanawake wa Kongo waliouza nguo katika soko la Owino. Mmoja alikuwa na penisilini iliyovuka mpaka. Masika alifunga vichupa kwa leso, akaviweka tumboni kama mwenye mimba. Kwenye kizuizi askari alimzaba makofi kwa sababu hakujibu haraka. Hakuinua mikono kujikinga. Aliishika mimba yake. Aliingia wodini jioni ileile, jicho limevimba likafumba, akamkabidhi Sista vichupa. Hakuna hata kimoja kilichovunjika.

Kila asubuhi walinikata nyama iliyooza, mimi nauma taulo. Siku ya tatu ya sindano, homa ilishuka. Nikaomba uji. Masika akatoka nje, na mimi nikamsikia analia huko barazani.

Nilitembea na magongo miezi minne. Siku niliyorudi karakanani, Ssalongo alinipokea akicheka, mkono umefunika pengo. Nilichukua nyundo, nikaitoa ile kabari, nikaitupa motoni. Hatukuuwasha tena msumeno ule mpaka tulipopata springi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Masika na Ssalongo. Hata yule koplo. Nimemchukia na nimemshukuru, vyote viwili, mpaka leo.

Na nyinyi, kifuniko kikikwama, usikikaze juu; acha kukata. Ibane mbao. Kile kipande kinachokatika kiache huru kianguke, kisije kikakufungia mkato. Simama kando, usisimame nyuma ya msumeno. Subiri duara lisimame kabisa ndipo uuweke chini. Ukitaka kuyagusa meno, chomoa plagi kwanza, uishike mkononi uione.

Na mtu akikusimamia, hata na bunduki, mkono ukianza kutetemeka, zima. Mwambie mashine imekufa. Najua ni rahisi kusema leo, nikiwa nimekaa salama. Atakupiga, labda. Mimi nimepigwa na watu na nimepigwa na msumeno. Mtu anaweza kuchoka kupiga, akafungua mkanda wake akufunge jeraha; msumeno hauwezi.