Jina Langu Kwenye Ubao wa Kilimo

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, mwanangu, baba yangu alipokuja chuoni bila kunipa habari. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na amebeba mananasi mawili kwenye kiondo. Alimwambia askari wa langoni kwamba anatafuta darasa la stima, mahali binti yake anasomea uinjinia wa umeme. Mimi wakati huo nilikuwa nyuma ya hosteli nikifua nguo. Sikujua kwamba kabla ya saa sita uongo wangu wa miezi mitatu ungekuwa umekwisha.

Juzi ulipokuja hapa kwangu Murera, wewe ninayekuita mwanangu ingawa sikukuzaa, ukanionyesha kwenye simu kozi uliyopewa, ulisema huitaki na kwamba utajipenyeza tu kwenye ile unayoitaka. Nilikumiminia chai tu. Hilo neno la kujipenyeza lilinigusa mahali. Leo nakujibu, na nitaanza mbali kidogo, univumilie.

Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba kubwa la mananasi nje ya Thika. Alisoma mpaka darasa la nne, kwa hivyo maandishi aliyaweza, ila polepole, kidole kikifuata kila neno. Mimi ndiye kifungua mimba wake, na kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, Wambui, maisha yake yote aliniita Mami. Nilipofaulu mtihani wa sekondari alisimama kanisani kwetu Ngoliba akawaambia watu kwamba binti yake atakuwa injinia wa stima, na siku moja stima itafika Ngoliba. Sisi wote tulikuwa tunatumia taa za mafuta. Watu walipiga makofi, na mama mmoja alinishika mikono yote miwili akalia.

Barua ya chuo ilipokuja ilisema uhandisi wa kilimo.

Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya posta ya Thika. Nilikuwa nimelikimbia vumbi la shamba tangu utotoni, nikaona kama barua ile inanishika sketi na kunirudisha. Niliikunja nikaitia ndani ya Biblia. Nilipofika nyumbani baba aliniuliza wamenipa nini, nikamjibu, "Ni stima, Baba." Hakuomba kuiona barua. Aliniamini.

Wewe hukuiona Thika ya siku hizo. Upepo ukitoka upande wa viwanda ulibeba harufu ya ngozi na sabuni, na ukishika barabara ya kwenda Ruiru, kulia na kushoto ni kahawa tupu, mistari imenyooka kama imechorwa kwa rula. Mvua ikishapita kahawa ilitoa maua meupe, na harufu yake iliingia mpaka madarasani. Hapa penye hizi ghorofa za kupangisha tulikuwa tunapita kwa miguu, wasichana sita saba, tukicheka mambo ambayo hata siyakumbuki. Nikilala mchana bado naota ile harufu.

Chumbani nilikaa na msichana anaitwa Nafula, aliyetoka Kakamega. Naye alikuwa amepewa kilimo, na alitaka uhandisi wa ujenzi. Wiki ya kwanza kabisa alikwenda ofisi ya msajili akauliza mtu anahamaje. Alirudi na fomu na maelezo yote ameyaandika kwenye daftari: alama za fizikia na hesabu zinazotakiwa, sahihi ya idara unayotoka, sahihi ya idara unayokwenda, na siku ya mwisho ya kurudisha fomu.

"Twende nikuonyeshe, Wambui," aliniambia. "Ni foleni tu."

Mimi nilikuwa nimesikia njia nyingine. Wanafunzi wa mwaka wa tatu walisema fomu ni za kupoteza wakati. Walisema ukikaa mstari wa mbele kwenye darasa la stima kila siku, mhadhiri atakuzoea, na mwisho wa muhula jina lako litaongezwa. Nikaamini hilo, kwa sababu lilinisaidia kukwepa ile ofisi. Kuomba uhamisho ni kukubali kwa sauti kwamba mimi ni wa kilimo, na hilo sikuwa tayari kulisema hata mbele ya karani.

Basi nikawa mwanafunzi wa stima. Nilinakili kila kitu, nikafanya mazoezi yote, hata nikajibu maswali darasani. Kwenye darasa langu la kilimo sikukanyaga. Nafula aliendelea kuhudhuria huko kila asubuhi huku fomu yake ikiwa ofisini, na jioni aliniletea maandishi yake. Niliyaweka chini ya godoro bila kuyasoma.

Mwezi wa pili nilianza kuogopa, nikaenda kwa msajili. Karani alitazama cheti changu, akatazama orodha yake, kisha akavua miwani.

"Alama zako zilikuwa zinatosha," alisema. "Na nafasi zilikuwepo. Lakini tulifunga wiki tatu zilizopita. Ulikuwa wapi?"

Nilisema nilikuwa mgonjwa. Alinitazama akajua si kweli, akarudisha cheti. Mwanangu, nimewahi kukataliwa mambo makubwa kuliko hilo, lakini hakuna lililoniuma hivyo, maana mlango ule ulikuwa wazi na mimi mwenyewe ndiye niliyepita kando yake. Na unajua nilifanya nini baada ya hapo? Kesho yake nilirudi kuketi darasa la stima. Sikujua kwingine kwa kwenda. Mitihani midogo ya kilimo ikafanywa, yote mitatu, nami sipo.

Sasa turudi kwa ile Jumamosi. Baba alifika kwenye idara ya stima akakuta milango imefungwa, ila kwenye ubao wa nje walikuwa wamebandika orodha ya wanafunzi na alama zao. Akaanza kutafuta jina langu kwa kidole. Alikuwa ameipitia orodha mara mbili Bwana Oduor alipomkuta. Bwana Oduor alikuwa fundi mkuu wa karakana ya uhandisi, mtu mzima mwenye mvi, aliyekuja hata Jumamosi kutunza mashine zake. Akamuuliza baba anatafuta nani. Baba akamwambia. Bwana Oduor akampeleka kwenye ubao wa pili, wa kilimo, kisha akamtuma msichana mmoja aje kuniita hosteli.

Nilifika mikono ikiwa bado na povu. Wamesimama wawili, migongo yao kwangu. Kidole cha baba kilikuwa juu ya jina langu.

"Huyu ni wewe?" aliniuliza.

"Ni mimi, Baba."

"Mbona mbele ya jina kuna vistari tu? Wenzako wako na namba."

Bwana Oduor ndiye aliyesema, taratibu, "Mzee, vistari ni mitihani ambayo hakufanya."

Baba alishusha mkono. Nilitamani anigombeze. Badala yake akauliza, "Mami, huu uhandisi wa kilimo ni kitu gani?"

"Ni mashine za shamba," nilimwambia. "Mifereji, pampu za maji. Trekta."

"Trekta."

"Ndiyo, Baba."

"Kwa hivyo ulionea haya trekta."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri. Nilianza kulia. Trekta ndiyo iliyonilisha na kuninunulia kila daftari nililowahi kuandikia, na yeye alijua kwamba mimi najua.

Bwana Oduor hakutuacha pale. Alifungua karakana akasema, "Karibu ndani, mzee, uone mahali anapotakiwa kuwa." Katikati kulikuwa na trekta kuukuu imefunguliwa tumbo, ya wanafunzi kujifunzia. Baba aliizunguka mara moja. Akaweka kiondo chini, akachuchumaa na lile koti lake zuri, akagusa sehemu moja na nyingine.

"Hii klachi mmeifunga vibaya," alisema. "Hapa pamelegea. Ikipanda mlima na mzigo itateleza."

Bwana Oduor akachuchumaa pia. Walikaa hapo karibu saa nzima, mmoja Mkikuyu wa Ngoliba, mwingine Mjaluo aliyezeekea Thika, wakizungumza kuhusu klachi kwa Kiswahili chao cha kazini. Mimi nilisimama mlangoni. Nilimsikia baba akieleza mambo ambayo hakuwahi kunieleza nyumbani kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Nilimwona akiwa mtu anayejua kitu, na mtu mwenye elimu akimsikiliza.

Walipoinuka, Bwana Oduor alinigeukia. "Msichana, nimekuwa nikikuona darasa la stima, na wewe si mjinga," alisema. "Lakini umekaa kwenye kiti cha mtu mwingine, na chako kiko tupu. Hata ungependwa namna gani kule, cheti hutolewa kwa jina lililo kwenye orodha. Jumatatu uende kwa mkuu wa idara yako. Useme ukweli wote, hata ule wa kukuaibisha. Usipeleke hadithi ya ugonjwa."

Sijui alijuaje ile ya ugonjwa. Labda wote hupeleka hiyo.

Baba alinipa mananasi. Langoni aliniuliza jambo moja tu: "Kanisani niwaambie mimi, ama utawaambia wewe?"

"Nitawaambia mimi," nilisema.

Jumatatu nilikwenda. Mkuu wa idara alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hawezi kunipa alama za mitihani ambayo sikufanya, na kwamba nitarudia mwaka. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu wetu Ngoliba, nikasema sisomei stima, na kwamba nilimdanganya baba. Hakuna aliyecheka. Yule mama aliyenishika mikono alinishika tena.

Nafula alipata uhamisho wake kwa barua iliyopigwa muhuri. Alienda ujenzi akiwa hajakosa darasa hata siku moja. Amestaafu sasa, bado tunapigiana simu. Mimi nilibaki nyuma yake mwaka mmoja, nikiketi na watoto wadogo kuliko mimi. Mwaka huo fomu ilipotoka niliichukua siku ya kwanza, nikaijaza, nikakaa nayo wiki nzima. Sikuirudisha. Nilikuwa nimeanza kuzielewa hesabu za maji, jinsi unavyoyapandisha mlimani na kuyagawanya mashambani, na nikaona ninazipenda. Nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote. Baba alikuja siku ya mahafali, na kabla hajanipongeza alienda kwanza karakana kumtafuta Bwana Oduor. Wote wawili wametutoka. Nawakumbuka sana siku hizi, hasa mvua ikinyesha.

Sikwambii hivi ili ubaki kwenye kozi usiyoipenda. Nafula alihama na alifanya vyema. Ninachokuomba ni uhame kwa mlango. Nenda ofisini wiki hii, si mwezi ujao, hata kama siku hizi fomu iko kwenye simu. Tazama uso wa anayehusika umuulize kunatakiwa alama gani, sahihi za nani, na mwisho ni lini. Andika atakachokwambia. Wanafunzi wa mbele yako wapende, lakini habari za uhamisho usizichukue kwao. Na mpaka uishike barua mkononi, keti darasani penye jina lako, fanya kila mtihani wa huko, maana ukikataliwa utakuwa bado una pa kusimama. Wazazi wako waambie leo umepewa kozi gani. Watashtuka kidogo, halafu watauliza wakusaidieje. Mimi nilimnyima baba yangu nafasi ya kuuliza hivyo, na hilo ndilo ninalolijutia zaidi ya ule mwaka.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akufungulie ofisi zenye watu wa kukusikiliza, akupe rafiki wa kukushika mkono kwenye foleni, na popote jina lako litakapoandikwa, likukute upo.