Mjane wa Mume Aliye Hai

Mikono ya Kaltumi ilinuka gundi. Akinawa kwa limau ilinuka gundi na limau. Kwa miaka tisa alikuwa akijalidi tasnifu za wanafunzi katika duka la uchapaji pale Wandegeya: mwanafunzi analeta karatasi zake mia mbili, anataka jalada jeusi na jina lake kwa maandishi ya dhahabu, tena anataka leo leo. Kaltumi anazigonga mezani zikae sawa, anazipaka gundi, anazikaza. Wasomi chungu nzima walipita mikononi mwake, na yeye mwenyewe masomo yaliishia darasa la saba.

Alikuwa Mnubi, mzaliwa wa Kibuli, na mumewe alikuwa Hamim, mwenyekiti wa steji ya boda boda chini ya mlima. Walikuwa na binti mmoja, Nabilah, wa miaka kumi na minne. Hamim hakuwa mlevi wala hakuwa mpigaji, na kila Kaltumi alipojaribu kulalamika, jamaa zake walimkumbusha hayo mawili kana kwamba ni mahari ya pili.

Mwaka huo wa uchaguzi, Docus mwenye duka alimwita pembeni. Mama yake alikuwa mgonjwa huko Mbale, naye alitaka kwenda kumuuguza.

"Duka nakuachia wewe," Docus alisema. "Tutakwenda kwa mwenye jengo, mkataba uandikwe kwa jina lako. Wewe njoo na kitambulisho chako tu."

Donda lilikuwa hapo hapo kwenye hiyo "tu". Kitambulisho cha taifa cha Kaltumi hakikukaa kwa Kaltumi. Hamim alikichukua siku ile ile kilipotolewa, na laini ya simu ya mkewe akaisajili kwa jina lake yeye. Kila Kaltumi alipokiuliza, jibu lilikuwa moja, na jioni hiyo halikubadilika.

"Kiko mahali salama, Mama Nabilah."

"Nakihitaji, Baba Nabilah. Kuna karatasi ya kazi."

"Karatasi gani isiyoweza kuandikwa kwa jina langu? Mke kitambulisho chake ni mumewe." Akacheka, akavuta sahani ya wali karibu yake. Kaltumi alimtazama anavyotafuna, mafuta yakimmeremeta kidevuni, na yeye mwenyewe chakula kikamkataa.

Zilikuwa zimebaki wiki tano watu wapige kura. Mji ulikuwa umejaa askari, na mabango yalibandikwa juu ya mabango mpaka kuta zikanenepa. Hamim alifanya kampeni kwa zamu. Asubuhi alivaa fulana ya mgombea wa upande wa serikali, alasiri akavaa ya mgombea wa upinzani, aliyehubiri ukombozi kwa sauti iliyokauka. Zote mbili alizifua Kaltumi. Zilinuka jasho lile lile.

Alhamisi moja akaja dukani karani wa yule mgombea wa serikali, akataka orodha itolewe nakala kumi. Kaltumi alisimama kwenye mashine. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha za vitambulisho vya wanawake, nyuso ndogo ndogo zimepangwa kama stempu. Juu kabisa palikuwa na uso wake mwenyewe. Akasoma: Kikundi cha Wajane wa Kibuli. Mwenyekiti, Kaltumi. Hali ya ndoa, mjane. Mume alifariki kwa ajali. Aliyeleta orodha, Hamim.

Alisoma mara mbili. Mashine ikaendelea kumtoa mjane, mjane, mjane, karatasi zikiwa bado na joto.

Karani alipoondoka, Kaltumi alibaki na nakala moja. Jumatatu yake alikuja mtu wa upinzani na orodha yake: Kina Mama Wadai Uhuru. Nyuso zilikuwa zile zile, thelathini na moja. Hamim alikuwa amewauza wanawake wale wale kwa pande zote mbili, kwa mmoja wakiwa wafiwa na kwa mwingine wakiwa wapigania uhuru.

"Usilie," Docus alimwambia.

"Silii. Nataka kutapika."

Kesho yake alijifunga kitambaa cheusi kichwani, akaenda Katwe, kwenye anwani iliyoandikwa chini ya orodha ya wajane. Ofisi ya kampeni ya upande wa serikali ilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya masufuria, na nyundo za wafuaji zilitikisa ngazi. Aliyekuwa na funguo za kabati aliitwa Abdul-Latif, mtu mnene mwenye sauti laini. Alikuwa anakula maini ya kukaanga, na vidole vyake alivifutia kipeperushi cha mgombea wake mwenyewe.

"Mimi ni mwenyekiti wa wajane wa Kibuli," Kaltumi alisema. "Nimefuata vitambulisho vya watu wangu."

Abdul-Latif akasimama, uso ukavaa msiba papo hapo. "Oo, nnyabo, pole sana. Hamim ametueleza habari zako. Alisema marehemu alikuwa mtu mwema mno."

"Alisema hivyo?"

"Aliongea mpaka machozi yakamlengalenga."

Akaketi tena, ila mkono wa Kaltumi hakuuachia. Ulikuwa mkono wa maini, wenye unyevu, na dole gumba lake likaanza kutembea juu ya ngozi ya Kaltumi. "Mjane bado kijana hivi," alisema, "hapaswi kuteseka. Baada ya kura, uje uniletee shida zako. Uje peke yako."

Kaltumi alihisi kama konokono anampanda mkononi. Alikaza meno, akauacha mkono pale kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, maana funguo zilikuwa upande wa pili wa meza. Kisha akauvuta.

"Vitambulisho, ssebo."

Abdul-Latif akafungua kabati. Namba walikwisha kuzinakili, kadi zenyewe hazikuwa na kazi kwao tena. Zilikuwa ndani ya kaveera, mfuko mweusi wa plastiki, zimefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli kama mabua. Kaltumi alitia saini kwa jina lake kamili. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kulitia popote.

Alipofika barabarani, kulikuwa na vurumai. Msafara wa upinzani ulikuwa umezuiwa mbele, na moshi wa mabomu ya machozi ulishuka mpaka kwenye karakana. Watu walikimbia, nyundo zikanyamaza. Alipita na kaveera kifuani chini ya buibui, macho yakimwaka, mpaka mama muuza ndizi akammwagia maji usoni. Aliposafisha macho alimwona kijana wa fulana ya ukombozi amemshika msichana sketi katikati ya ghasia, anacheka. Kaltumi alimpiga kofi la mgongo kwa nguvu zake zote, na msichana akaponyoka.

Akapanda mlima wa Kibuli kwa miguu, akaanza kugawa nyumba kwa nyumba. Bi Zuleika, kikongwe aliyekuwa mjane wa kweli, aliibusu kadi yake, akaitia kifuani. Wengine walipokea kimyakimya, wakachungulia nje. Shakirah, jirani wa ukuta kwa ukuta, hakunyoosha hata mkono.

"Nani amekutuma?" Shakirah aliuliza. "Tumeahidiwa cherehani, Kaltumi. Hamim alisema kadi zikirudi kwetu, jina linafutwa."

"Amekuandika mjane. Mumeo yuko ndani pale, namsikia anakohoa."

"Aniandike hata maiti. Cherehani itashona."

Kabla ya magharibi, kumi na tisa kati ya thelathini na moja walikuwa wamempelekea Hamim vitambulisho vyao tena, wenyewe, kwa miguu yao. Kaltumi alikaa kizingitini akiwaona wanapita wamefumba viganja. Kichefuchefu alichokuwa nacho kwa Hamim na Abdul-Latif alikijua. Hiki kilikuwa kipya, na kilimtia aibu, kwa sababu cherehani ni kitu, na yeye hakuwa na cha kuwapa.

Hamim alikuja na Jafar, kaka mkubwa wa Kaltumi, ili asionekane hana watu.

"Umenivunjia heshima mbele ya wakubwa," Hamim alisema akiwa bado amesimama mlangoni.

Kaltumi alimpa Jafar ile nakala. Jafar akaisoma, akaikunja, akaikunjua. "Sasa, dada," alisema hatimaye, "hizi ni siasa tu. Subiri uchaguzi upite. Hamim hanywi, hakupigi."

"Ndiyo, hanipigi. Amekufa."

"Unanidhihaki?" Hamim akafoka.

"Mimi? Wewe ndiye uliyejizika. Umejililia mpaka ukatoa machozi Katwe, na yule uliyemlilia amenipapasa mkono, kwa kuwa mke wa marehemu hana mwenyewe. Nirudishie laini yangu ya simu. Kadi ninayo."

"Basi kama umejipata, nenda! Nimekuacha! Umesikia? Nimekuacha!"

Hamim mwenyewe alishtuka, akamtazama Jafar kama mtu aliyedondosha sahani ya wenyewe. Kaltumi akageuka kwa kaka yake.

"Kaka, umesikia. Wewe ni shahidi."

Shehe wa mtaa aliandika karatasi ya talaka wiki iliyofuata, baada ya kuisoma orodha na kumwambia Hamim mbele ya watu kwamba ni aibu. Jafar alishuhudia kwa kichwa kilichoinama. Kaltumi alikaa eda kwa shangazi yake, mjini Bombo, pamoja na Nabilah, na Docus akachelewesha safari ya Mbale kwa ajili yake. Kura zilipigwa yeye akiwa huko, mtandao ukiwa umezimwa, redio ikipiga muziki. Upande wa serikali ukatangazwa mshindi. Cherehani zilikuja sita, na zote ziliishia kwa ndugu wa Abdul-Latif.

Hamim alipata cheo: msaidizi wa mheshimiwa katika mambo ya wanawake. Kaltumi alizisikia habari hizo kwa mteja aliyedhani anamfurahisha. Alikwenda mlangoni, akatema mate mtaroni, akarudi kwenye gundi yake.

Mkataba ukaandikwa kwa jina lake. Alipanga chumba nyuma ya soko la Wandegeya, chenye panya na mtaro unaonuka kila mvua ikinyesha. Shangazi yake alipomtembelea alijifunika pua.

"Mwanangu, hapa ndipo ulipokimbilia?"

"Hapa, shangazi. Kunanuka kweli. Lakini mlango unafungwa kwa ndani, na ufunguo tunao mimi na Nabilah."

Shangazi aliondoa mkono puani. Aliwasha jiko, akamwomba Nabilah amletee maji, wakapika chai.