Wulang Alivyomuua Babu wa Nyumba

Ukimwona jirani yangu Ou Wulang anavyoingia nyumbani kwake utadhani ni mwizi mgeni kazini. Anasimama mlangoni, anakohoa, anatazama juu kwenye boriti, halafu ndiyo anavua viatu vyake vya majani. Watoto wake wanamcheka. Mke wake amechoka kumcheka. Mimi bado sijachoka, maana nilikuwepo.

Wulang alikuja na askari wa mkumbo wa pili, kutoka Gushi huko kaskazini, nchi ya baridi na mawele. Baba yangu alikuwa wa mkumbo wa kwanza. Walipofika hapa waliupa mto huu jina la mto wa kaskazini, Zhang, eti wasijione wako ugenini, kisha wakaoa wanawake wa milimani na kurudi wakasahau. Ndiyo tukapatikana watu kama mimi: tunawachomea ubani mababu wa kaskazini ambao hatujawaona, na tukikasirika tunatukana kwa lugha ya mama.

Siku zile Wulang aliogopa kila kitu cha huku. Aliogopa ukungu wa asubuhi, uliokuwa umewamaliza wenzake kwa homa. Aliogopa mamba. Aliogopa tembo wanaoshuka kula mpunga. Na woga wake ulikuwa wa aina mbaya kabisa, ule unaopiga kwanza halafu ndiyo unatazama umepiga nini.

Alimwoa Lan Chim, binti wa juu mlimani, mkalimani wa posa nikiwa mimi. Nyumba walijengewa na kaka zake Chim, watu wapana kama milango. Na kama ilivyo kawaida ya watu wa mama zetu, walipomaliza kuezeka walimleta na mwenye nyumba: nyoka mweusi, mnene kama mkono, asiye na sumu. Wakamwachia apande kwenye boriti. Kila nyumba ina wake, na tunamwita Babu. Anakula panya, analala anapotaka, hagusi mtu na hakuna anayemgusa. Siku hiyo Wulang alikuwa lindoni. Hakuna aliyemwambia, kwani nani humwambia mtu mzima kwamba nyumba yake ina paa?

Basi asubuhi moja, tumbo la Chim likiwa limeshashuka kungoja siku ya kujifungua, Wulang akamkuta Babu amejikunja ndani ya kikapu cha nguo za mtoto. Akamkata kwa jembe, na kikapu pia akakikata. Halafu, kwa kuwa mama mkwe alikuwa njiani anakuja kumwona bintiye, akamlaza nyoka kizingitini, amenyooshwa vizuri, apate kusifiwa.

Mama mkwe akafika. Kwenye nywele alikuwa amechomeka kibanio cha shaba chenye umbo la nyoka, kama wanawake wote wa mlimani. Wulang alikuwa amekitazama kibanio kile tangu posa, hajawahi kukiona.

"Mama, angalia!" akasema kwa lugha yetu aliyokuwa anaiokotezaokoteza. "Mimi ameua!"

Mama mkwe akapiga magoti. Akavua shuka ya mabegani akamfunika nyoka, akaanza kulia, kile kilio chetu cha msiba cha kumtaja marehemu na wema wake.

Wulang akanigeukia, rangi imemtoka. "Nani kafa?"

"Babu."

"Babu wa nani?"

"Wa nyumba yako. Kaa chini, wewe ndiye mfiwa."

Chim alitoka, akaona, akajishika tumbo. Alirudi ndani akafunga mzigo wake. Kaka zake walipokuja kumchukua, yule mkubwa akamshika Wulang bega, kwa upole hasa, na upole ule ndio uliotisha.

"Shemeji, hatugombani na wewe. Nyumba yako haina mwenyewe. Mtoto akizaliwa humo hapati pumzi."

"Mwenyewe si mimi?"

"Wewe unalala humo tu."

Mwanzoni Wulang alijitia ubishi. Lakini msimu ule kambini walikuwa wamezaliwa watoto wa askari wenzake, mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa wamekufa kabla ya kupewa majina. Vile vifurushi vidogo vya sanda alivizika yeye mwenyewe. Ubishi ukamwisha. Alimzika Babu akiwa amejifunga kitambaa cheupe cha katani kichwani, kama mjukuu aliyefiwa, akanivuta mkono tukapanda mlimani kuomba radhi.

Mama mkwe hakumtazama. Aliongea na mimi. "Mwambie mwenzako: aliyemtoa Babu ndiye atakayemleta mwingine. Kifuani, ndani ya nguo, kwa miguu yake mwenyewe. Chim tutambeba nyuma yenu. Akimdondosha njiani, sisi na binti yetu tunageuza, na asipande tena huku."

Nikamwambia. Akauliza, "Hakuna gunia?"

"Mkwe wangu anauliza nini?" akasema mama mkwe.

"Anashukuru," nikamjibu.

Wakamtia nyoka, mpya huyu, mkubwa kuliko marehemu, ndani ya kanzu yake. Nikaona kitambaa kinatembea tumboni, kinazunguka mgongoni, kichwa kikatokeza shingoni kama mtu anayechungulia dirishani. Wulang akaanza kutembea kama aliyebeba bakuli la supu ya moto. Nyuma yetu kaka wawili walimbeba Chim kwenye kiti cha mianzi, mama yao pembeni. Tulikuwa hatujafika mbali nikasikia Chim anaguna. Uchungu ulikuwa umeanza.

"Tembea, baba mtoto," mama mkwe akasema, na mara hii alisema naye moja kwa moja.

Tulipofika kwenye mashamba ya magimbi, karibu na kijito, tukawakuta. Tembo jike na ndama wake, katikati ya njia, wanang'oa magimbi ya watu. Jike akatandaza masikio. Kaka wakasimama na kiti. Chim akauma shuka ili asipige kelele. Mimi miguu yangu ilikuwa imeshageuka, imebaki kunipa taarifa tu.

Wulang alikuwa mbele kabisa. Nilimwona anavyotetemeka, na nyoka, kwa kuhisi mtetemo ule, akajikaza mbavuni mwake hadi kanzu ikafanya mikunjo. Akikimbia, atamdondosha. Akisimama, atakanyagwa. Mkojo ukamshuka miguuni. Tembo akapiga hatua, akanyoosha mkonga, akamnusa kuanzia kichwani mpaka kifuani. Alipofika kifuani akanusa kwa muda mrefu. Kisha akapiga chafya, akampiga ndama wake kofi la mkonga, wakaingia msituni.

"Mkono," Wulang akaninong'oneza. "Nishike mkono. Siioni njia." Alikuwa amefumba macho, mjinga, na hakujua.

Tuliingia nyumbani Chim akiwa hawezi tena kunyamaza. Mama mkwe alimfungua Wulang kanzu, nyoka akanyooka, akapanda nguzo taratibu mpaka juu. Ndipo Chim akaingizwa. Mtoto wa kiume akalia kabla hatujamaliza kuchemsha maji. Alikuwa na pumzi, tena za kutosha kijiji.

Ungedhani woga uliishia hapo. Mtoto alipotimiza mwezi, mchana tukila wali mwekundu wa sherehe, mtoto amelazwa mkekani, Babu alishuka. Akapita katikati ya mabakuli, akampanda mtoto, akajikunja juu ya miguu yake, akatulia. Mtoto alikuwa amelala.

Wulang alikuwa ameshainuka nusu.

"Usiguse," Chim akasema, anaendelea kula.

Wulang akashuka chini polepole. Akauingiza mkono wake wa kulia chini ya paja, akaukalia, na akabaki hivyo, jasho linamdondokea kwenye wali, mpaka Babu alipoamua mwenyewe kuondoka.