Unga Uliomrudisha Mbaruku

Mwanamkasi alikaanga vitumbua njia panda ya Msata tangu ujana wake, mpaka magoti yakamshinda. Ndipo mchuuzi mmoja aliyeshuka kwenye basi akamuuzia unga wa dawa ya magoti.

"Mizizi mitupu, mama. Hauna kemikali."

Akawa anaukoroga kwenye uji kila mchana. Maumivu yakapoa. Kisha alasiri moja Mbaruku akaingia uani.

Mbaruku alikuwa mumewe, na kaburi lake lilikuwa Miono. Alivaa shati lake la shamba, akakaa juu ya kinu, akamtazama tu. Siku ya kwanza Mwanamkasi alipiga ukelele. Baadaye alizoea, hata akawa anampakulia chakula, na chakula kinalala vilevile.

Mwanawe Ummy, aliyefanya kazi maabara Dar es Salaam, alipokuja kumsalimu alimkuta barabarani peku, malori yakimpigia honi.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Baba yako ananiita. Yuko ng'ambo pale."

Ng'ambo hapakuwa na mtu. Ummy alimrudisha nyumbani, akamuuliza anakula nini, anakunywa nini. Aliondoka na mkebe wa unga.

Aliporudi, alikaa mkekani karibu na mama yake. "Tumeupima, mama. Ndani ya ile mizizi wamesaga vidonge vya hospitali, vya kulevya akili. Ukizidisha, unaona watu."

"Kwa hiyo hakuja?"

"Hakuja, mama."

"Mbona nilisikia harufu ya jasho lake?"

Ummy alimwinua mkekani. Alimpeleka kwa daktari, na wakaguzi wakaanza kumsaka mchuuzi. Hawakumpata. Baada ya kuuacha unga, Mwanamkasi alitetemeka siku kadhaa, kisha akatulia. Uani hakuingia mtu tena, naye alilia kama aliyefiwa upya.

Alipopata nguvu alirudi kwenye vitumbua vyake, akawa anawaonya wateja kuhusu unga ule. Siku moja Swaumu, jirani yake aliyezika mtoto mwaka uliopita, alimvuta pembeni.

"Mimi ninao bado. Mwanangu huja kucheza mlangoni. Nakuomba, usimwambie Ummy."

Mwanamkasi alimshika mkono, wakalia wote wawili. Kisha akampigia Ummy simu, Swaumu akiwa palepale anamsikia.

Mkebe ulichukuliwa. Swaumu yu hai, ana akili zake. Hupita njia panda kila asubuhi, na salamu ya Mwanamkasi haiitikii.